Bastola ya mbio ya skuli yetu ilivyolia tena

"Tia mafuta tu, Mwalimu, itakwenda." Kila niliyemwonyesha bastola yetu ya kuanzishia mbio ana mafuta yake: huyu ya nazi, yule ya breki, mwengine dizeli. Miaka yote ilikuwa ikitiwa mafuta, na bado imeganda.

Kwa asiyeijua: ni bastola ya silinda, yaani kile kipipa cha risasi kinachozunguka, mtutu umezibwa tangu kiwandani, inapiga risasi baridi. Mlio na moshi, basi. Na moshi ndio hasa tunaoutaka. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mshika saa aliye mwisho wa mita 100 mlio unamfikia umechelewa karibu sekunde 0.3. Ndiyo maana anaambiwa abonyeze akiona moshi. Waliosema "si mutumie filimbi" hawajawahi kugombana na mzazi wa mtoto aliyeshika nafasi ya pili.

Ugonjwa wake: ukivuta kifyatulio kinyundo kinaanguka lakini silinda haizunguki, kinagonga risasi ile ile iliyokwisha kulia. Watoto wameinua viuno kwenye mstari, tak, wawili wanatoka mbio, waliobaki wanacheka. Na mashindano ya uwanja wa Gombani hayo yanakuja.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja eti "anajua bunduki". Akaibana kwenye jiliwa, akashika nyundo, akaanza kuugonga mhimili wa silinda. "Ami, taratibu." "Mwalimu, wewe kafundishe hesabu." Mhimili ukatoka kweli, pamoja na kichwa cha skurubu moja. Akachovya kila kitu kwenye oili chafu ya gari, akaifunga, akanikabidhi ikinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Anataka elfu kumi na tano! Nikampa tano nikaondoka. Doa la kanzu lipo hadi leo, na silinda ndiyo kwanza haitikisiki.

Aliyeiponya ni fundi wa vyerehani hapa hapa Chake Chake, Pemba. Hajapata kushika bastola maishani, na kabla ya kuigusa alitaka aione barua ya mwalimu mkuu, jambo ambalo yule mjuzi hakuliuliza. Barua hiyo usiiache nyumbani. Polisi nao niliwapitia mapema nikawaonyesha nilichobeba, maana ndani ya mkoba kitu hicho kinafanana na bastola kwa sababu ni bastola.

Mzee akaifungua juu ya kitambaa cheupe, na kila skurubu akaichomeka kwenye mche wa sabuni kwa mpangilio ilivyotoka. Ujanja huo nimeuiba, nautumia hata nikifungua feni. Akakwangua ndani kwa sindano ya cherehani, ukatoka ukoko wa kijivu. Masizi ya baruti hayo: yanavuta unyevu, na kwa hewa yetu ya pwani kutu inakula chini kwa chini huku juu panang'aa mafuta. Akaagiza maji ya moto na sabuni.

"Ami, maji kwenye chuma?"

"Mwanangu, mafuta umetia miaka mingapi?"

Nikanyamaza. Akasugua kwa mswaki, akaanika juani juu ya bati mpaka vyuma vikawa havishikiki, ndipo akadondoshea mafuta ya cherehani, tone hapa, tone pale.

Ikabaki springi ya kidole cha chuma kinachosukuma silinda izunguke, imeliwa na kutu. Akavunja uti wa mwavuli mbovu, akaupiga tupa, akaujaribu, mgumu. Akaupiga tena, mlegevu, akautupa, akavunja mwengine. Adhana ya alasiri ikatukuta hapo, tukaenda kusali, tukarudi. Ule wa mwisho ukaingia na silinda ikazunguka, tik, tik, tik. Akanitoza elfu saba hivi, nami nikamwongezea.

Gombani ililia siku nzima bila kukohoa. Jioni ile ile nikaiosha kwa maji ya moto, kwa birika langu maalumu, maana mke wangu hataki kuiona karibu na sufuria zake. Skuli jirani sasa zinaomba kuazima. Naazimisha, ila naenda nayo mwenyewe na mkononi naishika mimi.