Nyumba ya Katuba: paa kwanza, rangi itangoja

Kazi yangu iko Kolwezi, nyumba niliyonunua ya kupangisha iko Katuba, Lubumbashi, hapa Kongo, kilomita 300 hivi. Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, anakaa Kenya (komini, yaani sehemu ya mji, si nchi), jirani na Katuba, kwa hiyo funguo anashika yeye.

Makaratasi yamekwisha. Nyumba ilikuwa ya marehemu, na komisionere, yaani dalali, alinipeleka kwa mtoto wa kwanza peke yake, eti mkubwa anasemea wote. Nilikataa kuongea bei mpaka warithi wote wakae na wasaini. Mkononi komisionere alikuwa na fishi ya komini, karatasi tu ya ofisi ya komini, anaipeperusha kama hati. Tangu sheria ya 1973 ardhi ni ya Serikali. Mtu ananunua nyumba na haki ya kutumia kiwanja, na haki hiyo inashuhudiwa na sertifika. Yaya alikwenda kuihakikisha kwenye ofisi ya hati za ardhi kabla sijatoa hata faranga.

Sasa paa. Kuta ni za matofali ya udongo wa kichuguu, yaliyochomwa vizuri, hazina neno. Lakini penye vichuguu mchwa hawako mbali. Fundi aligusa mbao moja kwa bisibisi, ikazama mpaka mpini. Nje mbao ilikuwa nzima na rangi yake. Ndani unga mtupu. Njia yao tuliikuta kwenye kona ya jiko: mfereji wa udongo, mwembamba kama kidole, unapanda ukuta hadi chini ya bati. Mbao za upande ule zote zimetolewa. Mpya zimepakwa oili chafu ya gari kabla ya kupanda juu.

Pesa ya vigae imeishia hapo. Sawa tu, sakafu ya simenti haijawahi kumfukuza mpangaji.

Simenti na bati ninalipa mwenyewe dukani kwa M-Pesa, Yaya anapokea na kuhesabu. Fundi analipwa kazi ikionekana, na sikubali picha: ukuta mmoja unaweza kuwa wa nyumba ya yeyote. Nataka video inayoanzia barabarani, ipite mlangoni, ifike kwenye kazi ya leo bila kukatwa. Amenung'unika: "Mkubwa, mimi ni fundi ao mtu wa televisheni?" Lakini anatuma.

Komisionere amerudi na shauri lingine: nidai garanti (pesa ya dhamana ya mpangaji) ya miezi 6 kwa kila anexi, yaani kila nyumba ndogo ya kupangisha kiwanjani. Sheria ya 2015 inasema isizidi 3 kwa nyumba ya kukaa, na mimi sitaki kuanza na wapangaji kwa ugomvi. Ugomvi wenyewe utakuja kwenye umeme, maana hakuna anayekubali kulipia pasi ya jirani. Kila anexi itapata konteri yake ndogo, mita ya umeme.

Bati za mwisho zinapigwa misumari wiki hii, Novemba isitukute wazi. Baada ya hapo ni kabine (choo), halafu mtu wa umeme.