Elimu Maalumu Haifundishwi kwa Moyo Peke Yake

Kila ninapomweleza mtu kwamba ninasomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, hapa Tengeru nje kidogo ya jiji la Arusha, jibu huwa ni lile lile: "Hongera mwalimu, kazi hiyo inahitaji moyo." Nimeambiwa hivyo na wakwe zangu, na mama ninayenunua kwake ndizi sokoni, na hata walimu wenzangu niliofundisha nao darasa la kwanza kabla ya kuja huku. Ninaitikia kwa shukrani, kwa kuwa husemwa kwa nia njema, lakini kadiri masomo yanavyosonga mbele ndivyo sifa hiyo inavyozidi kunikera. Moyo hata mzazi wa mtoto mwenye ulemavu anao, tena kunizidi mimi. Kinachomkosesha usingizi ni kwamba hajui aanzie wapi, na mahali hapo pa kuanzia ndipo ninapopasomea.

Nimechagua eneo la ulemavu wa akili, na somo lililonibadilisha zaidi ni mchanganuo wa kazi, yaani kulivunja tendo moja katika hatua ndogo ndogo zinazoweza kufundishwa moja moja. Katika mazoezi ya kufundisha, kwenye kitengo cha elimu maalumu cha shule moja ya msingi upande wa Moshi, nilipangiwa mvulana ambaye hakuwa anaweza kufunga vifungo vya shati lake. Kwa mtu mzima hilo ni tendo moja, lakini ukilitazama vizuri, kuna kushika ukingo wenye tundu kwa mkono mmoja, kushika kifungo kwa mkono mwingine, kukielekeza kwenye tundu, kukisukuma hadi nusu, kubadilisha vidole, ndipo kukivuta upande wa pili. Tulianzia mwisho. Mimi nilikisukuma kifungo hadi nusu, naye kazi yake ikawa ni kukivuta tu, ili kila mara awe yeye ndiye aliyeimaliza kazi. Alipolimudu hilo bila kuelekezwa mkono, nilimwachia hatua ya kabla yake, kisha ya kabla ya hiyo, huku nikijaza kwenye fomu kama ametenda peke yake, kwa kukumbushwa kwa maneno, au kwa kushikwa mkono.

Bibi yake, aliyekuwa akimleta shuleni, alisikiliza maelezo yangu yote kisha akasema, "Sawa mwalimu, lakini asubuhi sisi tunakimbizana na muda, namvalisha mwenyewe." Alikuwa na haki kabisa. Tukakubaliana kwamba zoezi la nyumbani lifanyike jioni, sare ikishavuliwa, ambapo hakuna anayeharakishwa. Utaratibu huo haukutoka kitabuni, ila sidhani kwamba ningeufikia bila kujua ni hatua ipi hasa ninayomwomba bibi aisimamie.

Hata sisi wa ulemavu wa akili tunapitishwa katika misingi ya lugha ya alama na ya nukta nundu, na hii ya pili inastahili maneno machache. Maandishi haya ya wasioona, yanayosomwa kwa kupapasa kwa vidole na yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille, hujengwa kwa nukta sita tu. Anayeandika kwa kibao na kalamu ya ncha hutoboa karatasi akitoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nukta huchomoza upande wa nyuma na msomaji huigeuza karatasi. Kwa hiyo ili msomaji aipate d, mwandishi hutoboa umbo la f, na ili aipate h, hutoboa umbo la j. Mashine ya kuandikia nukta nundu ya Perkins, yenye kitufe kimoja kwa kila nukta, huondoa usumbufu huo, lakini shule isiyo na mashine za kutosha itahitaji mwalimu anayekimudu kibao. Huo nao ni ujuzi, na hauji kwa huruma.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo inaitambua haki yao ya kupata elimu. Haki ikishaandikwa, sioni kwa nini tuendelee kumsifu mwalimu kana kwamba anatoa sadaka. Afadhali aulizwe mtoto amefika hatua ipi na fomu zake ziko wapi. Nilipomaliza mazoezi nilimkabidhi mwalimu wa kitengo fomu za yule mvulana pamoja na maelezo ya hatua mbili zilizobaki, yaani kushika ukingo wa tundu na kushika kifungo chenyewe, na nikamwomba zihame naye akipandishwa kundi, ili mwalimu atakayempokea asimrudishe mwanzo.