Kuvuka Kigongo Bila Klachi

Tulitoka Mwanza kwenda Sengerema, mimi na mpwa wangu, katika Starlet yangu ya gia za mkono ambayo yeye huiita "kikongwe". Hadi Usagara alikuwa akinieleza kwamba raha ya kuendesha ni nguvu za injini, na kwamba anayesifu gari dogo anaufariji mfuko wake. Sikupata nafasi ya kumjibu, kwa kuwa tulipoiacha tu barabara ya Shinyanga, pedali ya klachi, ile inayotenganisha injini na gia, ilizama sakafuni na haikurudi. Waya ulikuwa umekatika.

"Mjomba, tutafute gari la kutuvuta."

Bei niliyotajiwa kwa simu ingenunua matairi mawili mapya, nikaamua kwenda hivyo hivyo. Nilizima injini, nikaingiza gia namba moja, kisha nikapiga starta. Gari lilirukaruka kama mbuzi, injini ikawaka, tukaondoka. Kupandisha gia kukawa kazi ya sikio: unaachia mafuta, unaitoa gia, unasubiri mzunguko wa injini ushuke hadi ulingane na mwendo wa gari kwa gia inayofuata, kisha unaiingiza kwa vidole viwili bila kuilazimisha. Ukikosea, meno yanasaga na moyo unauma. Kushusha ni kugumu zaidi, maana hapo lazima upige resi kidogo kwanza. Dakika kumi nilitokwa jasho. Baada ya hapo, nakiri, sijawahi kulifurahia gari lile kiasi hicho.

Adui yetu alikuwa kusimama. Enzi za kivuko cha Kigongo tungekwama kwenye foleni, lakini daraja lililofunguliwa Juni 2025 lilitupa kilomita 3 hivi juu ya maji, nami nikazipita kwa gia namba tatu, nikisikiliza injini badala ya kulitazama ziwa. Mpwa wangu akakumbusha kwamba hata madereva wa Formula One hubadili gia bila pedali ya klachi. Ni kweli, ila wao hubonyeza vibao nyuma ya usukani, na mitambo ya kielektroniki huwafanyia hesabu niliyokuwa nikiifanya kwa sikio.

Nilimkumbuka marehemu baba, ambaye kila Pasaka alikuwa akiitega redio kufuatilia mbio za magari za Safari Rally. Alimpenda Shekhar Mehta, aliyeshinda mara 5, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na kwake sifa ya dereva yule haikuwa mbio bali kulifikisha gari likiwa zima.

Sengerema fundi alinitoza shilingi 60,000 kwa waya uliokwisha kutumika, na kitanda cha gesti kilikuwa na bonde katikati.

Kesho yake mpwa wangu aliomba kuendesha. Tulipofika darajani nikaona mguu wake wa kushoto umetulia sakafuni, mbali na klachi niliyoitengeneza kwa fedha zangu. Gia ikalia krrr, naye akacheka, akajaribu tena.