Jinsi nilivyomrudisha chatu wangu kwenye chakula
Mwezi Julai, baridi ya Nairobi ilipozidi, chatu ninayemfuga kwa kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, alikataa kula kwa wiki tano. Kosa la kwanza lilikuwa langu: nilimlisha minofu ya buchani, ambayo haina mifupa, na kwa hiyo haimpi kalsiamu ya kutosha. Nikabadilisha na kumpa panya mzima aliyegandishwa, asiye mnene kuliko kiwiliwili chake, niliyemyeyusha usiku kucha kwenye friji kisha nikampasha ndani ya mfuko uliotumbukizwa katika maji ya moto. Alimnusa tu, akageuka. Ndipo nilipopima joto la kizimba, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo: nyuzi 22, baridi mno kwake. Nilipopandisha joto la upande mmoja hadi 32, siku ya nne alimkaba panya, akammeza kuanzia kichwani.