Usiku wa Vuli Jang'ombe

Mvua ya vuli ilianza kunyesha mara tu baada ya sala ya Isha, na kwa kuwa nyumba ya bibi yangu pale Jang'ombe, mjini Unguja, imeezekwa mabati, hatukuwa na la kufanya ila kukaa chini na kungoja. Ilikuwa Novemba 2017. Chumbani tulikuwa wanne: mimi na ganuni yangu, chombo cha nyuzi cha taarabu kinacholazwa na kudonolewa kwa vidole, Maalim aliyekuja na fidla yake ameizungushia mfuko wa nailoni, kijana wa kupiga dumbak, ile ngoma ndogo ya taarabu, kutoka mtaa wa pili, na rafiki yangu niliyesoma naye katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambaye ndiye aliyekuwa na kompyuta na vipaza sauti viwili vya kuazima. Magodoro matatu tuliyasimamisha ukutani ili yameze mwangwi, mablanketi tukayatundika mlangoni na dirishani, na panka tukaizima kwa sababu mlio wake ungeingia katika wimbo. Joto la chumba kile ninaweza kulikumbuka hadi leo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kwa miaka miwili nilikuwa nimeishi kwa kupiga muziki katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, usiku tano kwa wiki, shilingi elfu thelathini kwa usiku. Sikudharau kazi ile, kwani ndiyo iliyoninunulia ganuni. Lakini nyimbo nilizopiga zilikuwa zile zile kumi ambazo wageni hupenda kuzisikia wakiwa mezani, na kila niliporudi nyumbani nilijiuliza kama kuna mtu hata mmoja aliyekuwa akinisikiliza. Wimbo wangu mwenyewe nilikuwa nimeutunga kwa siri. Ulimhusu mama yangu, mkulima wa mwani huko Paje. Mwani ulipoanza kulimwa kibiashara katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, yeye alikuwa miongoni mwa wasichana wa mwanzo waliojifunza kufunga mbegu kwenye kamba, na tangu nilipopata akili nimemjua kama mtu anayehesabu siku zake kwa bamvua, zile siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, si kwa kalenda. Mistari yangu miwili ya kwanza ilikuwa hii:

Maji yamekupwa pwani, mama amekwisha toka,
Kamba kabeba begani, na vigingi kavishika.

Mwezi wa Agosti niliupeleka wimbo huo Dar es Salaam kwa mtayarishaji mmoja wa muziki. Aliusikiliza kwa adabu, kisha akaniambia kwamba mwani hauuziki, kwamba maneno yageuzwe yawe ya mapenzi, na kwamba sauti ya ganuni angeitoa kwenye kinanda ili kuokoa muda. Angeununua wimbo wote, maneno na sauti, kwa shilingi laki tatu, na karatasi ya kutia saini ilikuwa tayari juu ya meza. Laki tatu zilikuwa fedha nyingi kwangu. Nilimwomba anipe muda, nikapanda boti ya jioni, na tulipofika mahali ambapo mnara wa taa wa Chumbe huanza kuonekana nilikuwa nimekwisha amua kwamba wimbo ule nitaurekodi mimi mwenyewe, kwa jina langu na kwa maneno yake yale yale.

Uamuzi huo ulikuwa wa ajabu kidogo kwetu, na ni lazima nieleze kwa nini. Taarabu ya Unguja imekuwa kazi ya klabu tangu Ikhwani Safaa ilipoundwa mwaka 1905: kuna kamati, kuna usiku wa mazoezi, kuna wapigaji ishirini au zaidi, na wimbo hujulikana kwa klabu kabla ya kujulikana kwa mtunzi. Msichana mmoja na ganuni yake, asiye na klabu nyuma yake, hana pa kuwekwa. Ndiyo maana nilipokwenda kumwomba Maalim anipigie fidla, yeye aliyekuwa amepiga katika klabu moja kongwe kwa zaidi ya miaka arobaini, nilitarajia anifukuze. Badala yake aliniuliza nitamlipa nini. Nikamwambia sina kitu ila sehemu ya mapato yatakayopatikana, kama yatapatikana. Akasema, "Basi nitakuja, lakini hilo tutaliandika."

Mvua ilikatika kiasi cha saa nne ya usiku. Hapo ndipo tulipogundua kwamba unyevu ulikuwa umeiharibu ganuni. Chombo hiki kina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja linalozibeba limekaa juu ya ngozi ya samaki ambayo hulegea hewa inapokuwa nzito, kwa hiyo sauti zote hushuka, lakini hazishuki kwa kiwango kimoja. Nilichukua karibu saa nzima kuzikaza, Maalim akinipa sauti kwa fidla yake, uzi baada ya uzi, bila kuonyesha hata mara moja kwamba amechoka.

Tulipoanza kurekodi, mara ya kwanza pikipiki ilipita. Mara ya pili bibi alikohoa ukumbini. Mara ya tatu hakuna kilichotukatiza, wimbo ulifika mwisho, rafiki yangu akainua kidole gumba, nami nikafurahi. Maalim akavua miwani yake, akaifuta taratibu kwa ncha ya shuka.

"Mwanangu," akasema, "hapa nani ni mgeni?"

Sikumfahamu.

"Nakusikia unapamba. Kila neno unalimwagia nakshi tano, kama mtu anayeonyesha bidhaa. Huko hotelini nafahamu kwa nini unafanya hivyo. Lakini mama yako anakwenda baharini, na wewe unamzuia njiani kwa mapambo. Mwache apite."

Nilinyamaza. Nilivua zile pete mbili zinazoshika vipigio kwenye vidole vya shahada, nikazishika kiganjani, kwa kuwa nilihisi machozi yako karibu na sikutaka kuyaficha kwa kupiga chochote. Kwa miaka miwili nilikuwa nimejizoeza kuwavuta watu wasionisikiliza, na mazoea hayo yalikuwa yameingia hadi katika wimbo niliokataa kuuza laki tatu. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniambia. Naye Maalim, kana kwamba amesoma niliyokuwa nikiyawaza, akaendelea kwa sauti ya chini: "Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake iingie katika sahani za santuri. Wewe sahani imekufuata chumbani kwa bibi yako. Basi usiiogope. Sema nayo kama unavyosema na sisi."

Tukaanza upya. Safari hii niliacha nafasi baina ya ubeti na ubeti, nikaziacha nyuzi zitetemeke hadi zinyamaze zenyewe, na pale kwenye kibwagizo nilipiga sauti moja tu mahali nilipokuwa nimezoea kupiga saba. Fidla ya Maalim iliingia chini ya sauti yangu kama maji yanayorudi kujaa, polepole, bila kelele. Sikuwaza kama nimepatia. Nilikuwa nikimwona mama yangu, maji yakiwa magotini, ameinama juu ya kamba zake, na kwa mara ya kwanza tangu nishike chombo kile nilijua kwa yakini nilikuwa nikimpigia nani.

Tulimaliza saa tisa na nusu. Rafiki yangu aliuhifadhi wimbo mahali pawili, bibi akatuletea chai ya tangawizi na mikate ya mofa iliyobaki, na Maalim akaomba daftari. Nikaandika kwa kalamu ya wino: maneno na muziki ni vyangu, mapato ya rekodi hii yatagawanywa, mimi nusu, Maalim asilimia ishirini, rafiki yangu ishirini, kijana wa dumbak kumi. Kila mmoja akatia saini. Maalim alitia yake kwa herufi za Kiarabu, akapuliza wino ukauke, kisha akaniambia kwamba katika miaka yake yote ya muziki hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuliona jina lake limeandikwa karibu na hesabu. Daftari hilo ndilo nililokwenda nalo baadaye katika ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, COSOZA, kuandikisha wimbo, na kila wimbo niliorekodi tangu wakati huo umeanza na ukurasa kama ule kabla ya uzi wa kwanza kukazwa.

Siku mbili baada ya usiku ule nilikwenda hotelini kuomba usiku wangu upunguzwe kutoka tano hadi mbili. Mapato ya kwanza ya wimbo yalikuja baada ya miezi saba kupitia kampuni inayosambaza muziki kwenye intaneti, na hayakufikia hata malipo ya usiku mmoja wa hoteli, lakini niliyagawa kama tulivyoandika, na Maalim aliipokea sehemu yake kwa mikono miwili.

Mama alikuwa ameusikia wimbo mapema zaidi, Jumamosi ya wiki ile ile tuliyorekodi, bamvua ilipokuwa imekwisha na yeye amekuja mjini kumwona bibi. Nilimwekea vipokea sauti masikioni, akakaa kwenye jamvi, macho ameyaelekeza mlangoni. Ulipokwisha aliomba urudiwe. Kisha akavitoa vipokea sauti, akavikunja nyaya zake vizuri, na akakaa kimya kwa muda.

"Ni mzuri, mwanangu," akasema. "Lakini hukusema kwamba maji siku hizi yana moto. Ule mwani mnene hauoti tena, unaoza kwenye kamba, na tunalazimika kuingia mbali zaidi, na wengi wetu hatujui kuogelea. Hilo hukulisema."

Nikalifuata lile daftari, nikafungua ukurasa mpya, nikamwomba aanze tena polepole.