Mtoto yuko ndani, mlango umegoma, naambiwa sijazoea gari

Wiki hii nimelipa bili iliyonikaba koo. Dola 611: kioo cha mlango wa dereva, betri ndogo, na kitu wanachokiita ada ya uchunguzi. Hela nitaitafuta, zamu za usiku zipo. Kilichonichoma ni kijana wa mapokezi pale kwa wakala wa magari, aliyenisogezea karatasi nisaini huku akiniambia kwamba magari ya umeme yanataka mtu aliyeyazoea. Karatasi yenyewe imeandikwa kuwa hakuna hitilafu iliyoonekana. Mwanangu, ambaye hata miaka miwili hajafikisha, alifungiwa ndani ya gari langu la umeme kwenye jua la Texas, mwezi wa saba, halafu hitilafu haikuonekana!

Wacha niwaeleze ilivyokuwa, maana wengi mmekuwa mkiniuliza kuhusu haya magari. Nilikuwa nimemchukua mtoto kwenye kituo cha kulelea watoto. Nikamfunga mkanda kwenye kiti chake nyuma, nikafunga mlango, nikazunguka kwenda upande wa dereva. Kitasa cha gari hili kimelala ndani ya mlango, hujitokeza chenyewe ukisogea na ufunguo. Siku hiyo hakikutoka. Nikabonyeza ufunguo, kimya. Nikafungua programu kwenye simu, ikasema gari halipatikani. Nikarudi kwenye mlango wa nyuma niliotoka kuufunga muda huo huo, nao umegoma. Mtoto ananiona kupitia kioo, anacheka, anadhani nacheza naye. Kisha akaacha kucheka. Nywele zikaanza kumganda kwenye paji la uso kwa jasho, akawa anautafuna mkanda na kulia. Gari lililofungwa juani hupanda joto kwa karibu nyuzi 11 za Selsiasi ndani ya dakika 10 tu, na mtoto mdogo mwili wake huchemka haraka kuliko wa mtu mzima. Hayo nilikuwa nayajua, kwa sababu nafanya kazi hospitalini, na kuyajua ndiko kulikonitetemesha.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja Mmeksiko aliyekuwa anafyeka majani jirani na pale. Hakuuliza gari la nani. Alikimbilia pikapu yake, akatoa spana ya magurudumu, akazunguka hadi upande ulio mbali na mtoto, akapiga kioo cha mlango wa dereva. Pigo la kwanza halikufua dafu, la pili kikamwagika. Nikaingiza mkono, nikaushika mpini wa dharura wa mlango wa mbele, ule unaovuta waya, mlango ukafunguka. Nikapanda juu ya viti hadi kwa mwanangu. Mzee akachukua maji yake mwenyewe ya kunywa, akalowesha leso, akamfuta mtoto shingoni na kwapani taratibu kabisa, kama babu yake. Nilipotoa pochi alitikisa kichwa, akarudi kwenye mashine yake. Mungu amlinde popote alipo.

Sasa sikilizeni tatizo lenyewe, kwa sababu wauzaji hawalisemi. Gari la umeme lina betri kubwa chini ya sakafu, hiyo ndiyo inayosukuma magurudumu na ndiyo kila mtu anaiulizia. Lakini ndani humo kuna betri nyingine ndogo ya volti 12, sawa na ya gari la petroli, na hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta, skrini, vioo na makomeo ya milango. Betri kubwa huichaji hii ndogo kupitia kifaa cha kushusha umeme. Kifaa hicho kikifa, au betri ndogo ikichoka, unaweza kuwa na chaji asilimia 80 kwenye betri kubwa na gari likawa limezima kabisa. Magari mengi yaliyozoeleka, betri ikifa unachomeka ufunguo kwenye tundu la mlango na unaingia. Kwenye baadhi ya haya ya kisasa tundu hilo halipo, na kitasa ni cha umeme nje na ndani. Mpini wa dharura upo, ndiyo, ila kwa ndani. Wa mlango wa nyuma wa gari langu umefichwa chini ya kifuniko kwenye mfuko wa mlango. Mtoto aliyefungwa mkanda ataufikiaje? Zimamoto akifika gizani ataujuaje?

Wakala ananijibu kuwa betri ndogo ni kitu cha kuchakaa, kama tairi, na waranti haiigusi. Nikamwambia tairi likichakaa halimfungii mtu ndani. Na kama ni kitu cha kuchakaa, mbona gari lenye skrini pana kuliko luninga yangu ya kwanza halikunionya? Hakuwa na jibu, ndipo akaja na hayo ya kuzoea. Aliyaangalia makunyanzi ya sare yangu ya kazi, akasikia lafudhi yangu, akaamua mimi ni wa kusaini na kuondoka.

Nilisaini, nikaondoka, na kazini usiku huo nikamsimulia dada mmoja Mkenya aliyekaa hapa muda mrefu. Yeye ndiye aliyenifungua macho. Akaniambia, "Hapa usigombane na mtu wa mapokezi. Waandikie serikali." Kuna mamlaka ya shirikisho inayoshughulikia usalama wa magari, inaitwa NHTSA, na kwenye tovuti yao kuna fomu ya malalamiko ya mwenye gari. Unaweka namba ya chesisi, tarehe, ulikuwa mwendo gani, kilitokea nini, kuna aliyeumia au la. Hawaulizi una makaratasi gani ya uhamiaji. Jina lako na anwani yako haviwekwi hadharani. Malalamiko yenyewe huwekwa, yeyote anaweza kuyasoma.

Nikakaa nikasoma ya wenzangu mpaka alfajiri. Ndugu zangu, sikuwa peke yangu. Septemba 2025 mamlaka hiyo ilifungua uchunguzi juu ya Tesla Model Y za mwaka 2021, karibu magari 174,000, kwa sababu hiyo hiyo ya vitasa vya nje kugoma umeme mdogo ukishuka. Mnajua walianza na malalamiko mangapi? Tisa. Na katika visa vinne kati ya hivyo, wazazi walilazimika kuvunja kioo ili wawafikie watoto. Miezi michache kabla, Juni 2025, Ford waliita Mustang Mach-E zaidi ya 197,000 zirudi kurekebishwa, maana betri ndogo ikishuka milango inaweza kubaki imejifunga baada ya dereva kushuka na aliyeko kiti cha nyuma akabaki ndani. Gari langu si la kampuni hizo mbili, na jina lake silitaji kwa kuwa shauri langu bado halijaisha. Ila niliposoma nilihisi wanaandika habari za mwanangu.

Mengine si ya milango. Februari 2022 mamlaka hiyo hiyo ilifungua uchunguzi wa Tesla zinazopiga breki zenyewe kwenye barabara kuu wakati mbele hakuna kitu, magari kama 416,000, na chanzo kilikuwa malalamiko 354 ya wenye magari waliyoyatuma ndani ya miezi tisa. Chevrolet Bolt ndiyo iliyofika mbali zaidi. Betri zake kubwa zilikuwa na kasoro za kiwandani zilizosababisha moto, na mwaka 2021 General Motors, kampuni inayoyatengeneza, ikayaita yote yaliyokwisha kutengenezwa, zaidi ya 140,000. Wenye nazo waliambiwa waegeshe nje, mbali na nyumba, na wasiache gari likichaji ndani usiku. Hebu fikiria umelinunua ili ulichaji kwenye gereji yako, halafu unaambiwa usilale nalo nyumba moja.

Jambo ninalotaka lisikike ni hili la yale malalamiko tisa. Sisi wageni tunameza sana. Tunakatwa mshahara vibaya, tunameza. Tunauziwa gari bovu, tunasema tushukuru tumefika. Tumetoka kwenye ofisi ambazo ukiandika barua unajua inapoishia, kwa hiyo tunaona kuandika ni kupoteza muda. Lakini hapa, kwa hili la magari angalau, watu tisa walioandika waliweza kulifanya shirika lenye mawakili wa kila aina lidaiwe majibu. Ningenyamaza, mama mwingine mwenye gari kama langu angejua lini?

Kwa mnaojiandaa kuja, au mliofika juzi na mnatafuta gari. Najua mtanunua la mtumba, mimi mwenyewe nilinunua la mtumba wakati serikali bado inatoa nafuu ya kodi hadi dola 4,000 kwa gari la umeme lililotumika, mpango uliofungwa Septemba 2025. Bei bado zinashawishi, hasa kwa wanaobeba abiria. Kabla hujatoa hata senti, omba namba ya chesisi, iingize kwenye tovuti ya NHTSA, utaona kama gari limeitwa kurekebishwa na bado halijapelekwa. Matengenezo hayo ni bure kisheria hata kama wewe ni mmiliki wa tatu, mradi gari halijapita miaka 15 tangu liuzwe kwa mara ya kwanza. Kisha kaa kiti cha nyuma, funga mlango, mwambie muuzaji akuonyeshe mpini wa dharura. Asipoujua, utafute mwenyewe kwenye kitabu cha gari kabla ya kulipa. Uliza betri ndogo ina umri gani. Ikianza kuleta ujumbe wa ajabu kwenye skrini usisubiri. Na nyundo ya kuvunjia kioo isikae ndani tu, weka moja kwenye mkoba wa mtoto, unaobeba wewe begani.

Sijalichukia gari. Linakwenda kimya, nalichaji nyumbani, na mafuta nimeyasahau. Ndiyo maana nimekasirika zaidi: waliotengeneza mashine ya hali hii wangeshindwaje kuweka kitasa kinachovutwa kwa mkono?

Malalamiko yangu nimeyatuma, nimepewa namba ya kumbukumbu, na nakala nimeiambatanisha kwenye barua niliyoiandikia kampuni yenyewe, si wakala. Nimewaambia nataka jibu kwa maandishi. Kama una gari la umeme na kitasa chake kimewahi kukugomea, uwe Houston au Oslo, niandikie mwaka wa gari na kilichotokea. Mlio hapa Marekani, kabla hamjaniandikia mimi, anzeni na ile fomu.