Siku Moja Maishani Mwangu: Bibi Afya na Tenki Ambalo Bado Halijafunikwa

Saa 11:30 alfajiri

Simu iliniamsha kabla ya kengele niliyoitega. Aliyepiga ni msimamizi wa ujenzi, kijana mwenye adabu, ambaye alinipa shikamoo na kuulizia hali ya watoto kabla ya kufikia jambo lenyewe: mafundi wake walikuwa wamekwisha kusuka nondo za mfuniko wa tenki la majitaka, kokoto zilishushwa usiku, na walikusudia kumwaga zege saa 2 asubuhi. Nilimwomba asimwage mpaka nifike. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, Bibi Afya, lakini hawa mafundi wanalipwa kwa siku."

Mimi ni afisa afya mazingira katika jiji la Dar es Salaam, ingawa mitaani jina hilo refu halitumiki, na wanaume wa kazi hii huitwa Bwana Afya, nasi wanawake huitwa Bibi Afya hata kama bado hatujapata mjukuu. Ratiba niliyoiandika jana ilinitaka nianzie ofisini. Niliibadilisha palepale kitandani, kwa sababu tenki la majitaka hukaguliwa mara moja tu katika umri wake, yaani wakati likiwa wazi. Likishafunikwa, mkaguzi huona mfuniko, na mfuniko hausemi chochote kuhusu kilicho chini yake.

Saa 1:15 asubuhi

Ndani ya daladala nilipitia tena ramani ya nyumba hiyo. Sehemu kubwa ya nyumba za jiji hili hazijaunganishwa na mtandao wa mabomba ya majitaka, hivyo kila mwenye kiwanja hulazimika kuyashughulikia majitaka yake ndani ya mipaka yake. Ombi la kibali cha ujenzi linapoletwa katika halmashauri, wa mipango miji huangalia matumizi ya kiwanja, mhandisi huangalia uimara wa jengo, nami huangalia hewa, mwanga, choo na mahali ambapo majitaka yataishia. Ramani hii niliipitisha mwenyewe miezi 4 iliyopita, na kwenye karatasi ilikuwa haina kasoro.

Saa 2:00 asubuhi

Nilipofika, fundi mkuu, mzee mwenye kofia ya kufuma, alikuwa amekaa juu ya ndoo akinywa chai ya rangi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanishikia ngazi bila kuniuliza nimekuja kufanya nini.

Vipimo vya urefu, upana na kina vililingana na ramani. Ukuta wa kugawa vyumba viwili ulikuwepo na ulikuwa mahali pake, theluthi mbili za urefu kutoka upande wa kuingilia, kwa kuwa chumba cha kwanza ndicho kinachopokea tope jingi. Mabomba ya inchi 4 yalikuwa yamepitishwa ukutani, lakini hayakuwa na tii, yaani kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T. Watu wengi hudhani tii ni urembo wa fundi bomba, kumbe tii ya kuingilia huyaelekeza maji chini ili yasiuvuruge utando wa mafuta unaoelea, na tii ya kutokea huchukua maji ya katikati, yaliyo chini ya utando na juu ya tope. Pasipo tii hizo, uchafu wote husafiri moja kwa moja hadi kwenye shimo la kufyonza, ambalo maji ya tenki hunywewa humo na udongo, na kuliziba.

Kasoro kubwa zaidi niliikanyaga kwa miguu yangu. Chini hapakuwa na zege. Palikuwa na mchanga uliosawazishwa vizuri na kumwagiwa kokoto kidogo, na kuta za ndani zilipigwa plasta hadi nusu tu. Nilimuuliza mzee kwa nini, naye hakunificha. "Mwanangu, tenki lisilovuja hujaa. Likijaa, mwenye nyumba ananipigia simu mimi, hakupigii wewe."

Lazima nikiri kwamba ndani ya sentensi hiyo kuna ukweli ambao sisi maofisa hatuushughulikii ipasavyo. Mwenye nyumba analipa ili asisikie habari za choo chake tena, na fundi anayemjengea tenki linalovuja anampa kile alichokilipia. Lakini tenki linalofanya kazi sawasawa hujaa maji siku zote. Maji yanayoingia upande mmoja ndiyo yanayoyasukuma yaliyokwisha kutulia yatoke upande wa pili. Kinachopaswa kupimwa na kunyonywa ni tope, likifikia kama theluthi ya kina. Nilimweleza mzee hivyo, kisha tukatembea pamoja na futi kamba kutoka kwenye shimo la kufyonza hadi kwenye kisima cha jirani, upande wa pili wa ukuta wa michongoma. Zilikuwa mita 18, wakati mimi hutaka zisipungue 30. Ramani haikuwa imeonesha kisima hicho, nami nilipoipitisha sikukiulizia, na kosa hilo nililiandika kwenye daftari langu kabla ya kuandika makosa ya mtu mwingine.

Tulikubaliana kwamba mfuniko usubiri, sakafu ya zege imwagwe, plasta imalizwe hadi juu, tii zifungwe, na zege likishakomaa tenki lijazwe maji ya bomba na kuachwa kwa saa 24 ili tuone kama yatapungua. Shimo la kufyonza litahamishiwa kona ya mbali na kisima. Msimamizi alishika kichwa. Mzee alimalizia chai yake.

Saa 4:30 asubuhi

Kiwanja cha pili ni cha mama mmoja anayeuza vitenge, nacho kiko bondeni. Jana jioni nilimwomba achimbe kishimo cha upana wa sentimita 30 na kukijaza maji usiku ili udongo ushibe, naye alifanya kama nilivyomwomba. Tulikijaza tena, nikachomeka rula, tukakaa kivulini. Baada ya nusu saa maji yalikuwa yameshuka milimita 6. Udongo ambao unahitaji zaidi ya saa nzima kunywa milimita 25 haufai kwa shimo la kufyonza, na huu ungehitaji zaidi ya saa 2. Isitoshe, kisima kifupi cha jirani kilikuwa na maji mita 1.2 tu kutoka juu ya ardhi, wakati ramani yake ilionesha shimo la mita 3. Shimo hilo lingekuwa kisima kingine, tena chenye kinyesi.

"Sasa nifanye nini, Bibi Afya?" aliniuliza. "Kiwanja hiki nimekidunduliza miaka 9."

Nilimweleza njia mbili. Ya kwanza ni kuinua kitanda cha mchanga na kokoto juu ya ardhi ili maji yanyweke polepole, jambo linalohitaji nafasi ambayo kiwanja chake hakina. Ya pili ni tenki lisilopitisha maji kabisa, ambalo gari la kunyonya litakuja kulimwaga kila linapojaa. Hiyo ya pili inawezekana, lakini ni gharama isiyokwisha, na sikutaka aigundue baada ya kuhamia. Aliniomba nimwandikie kwenye karatasi ili akamwoneshe mwanawe.

Saa 7:00 mchana

Wali na maharage kwa mama lishe. Nilishajifunza kutoizungumzia kazi yangu mezani.

Saa 8:00 mchana

Ofisini nilimkuta bwana mmoja akiningoja na risiti mkononi. Alikuwa amelipia kwa namba ya malipo aliyopewa, na kwa maelezo yake kibali kilikuwa tayari kimekwisha kununuliwa. Nilimweleza kwamba ada ni ya kushughulikia ombi, nalo ombi lenyewe lilikuwa na tatizo: ramani ilisema ni nyumba ya familia ya watu 6, lakini ilichora vyumba 12 vinavyofuatana, kila kimoja na mlango wake wa nje. Tulipiga hesabu pamoja. Mtu mmoja nilimkadiria lita 80 za maji kwa siku, yanayokaa tenkini siku moja, na lita 40 za tope kwa mwaka, tope likinyonywa kila baada ya miaka 3. Kwa watu 6 tenki la lita 1,200 linatosha. Kwa wapangaji 30, ambao ndio watakaokuwemo, zinahitajika lita 6,000. Hakubisha hesabu. Aliuliza tu kama anaweza kuandika watu 15.

Saa 10:00 jioni

Mwenyekiti wa mtaa alinipigia kuhusu malalamiko ya usiku: mvua ilipokolea, mzee mmoja alitoboa ukuta wa choo chake na kukitapisha mtaroni. Kila masika tunayakuta haya. Nilikuwa kazini mwaka 2015 kipindupindu kilipoliingia jiji hili mwezi Agosti, kwa hiyo siwezi kulipita tundu la namna hiyo kama uchafu wa kawaida. Nilitoa ilani, nikasimama mpaka tundu likazibwa kwa saruji. Lakini uchochoro wa kufika pale haupitishi hata bajaji, sembuse gari la kunyonya linalotakiwa kwenda kumwaga kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka ya Vingunguti, na vijana wanaoitwa vyura, wanaoingia shimoni kwa ndoo, wanaweza kufa kwa hewa ya humo ndani. Ilani yangu ilimwamuru mzee yule amwage choo chake kwa njia halali ndani ya siku 7. Njia yenyewe sikumwonesha, kwa sababu mtaani kwake haipo.

Saa 12:40 jioni

Nikiwa kituoni nasubiri gari la kurudi nyumbani, fundi mzee wa asubuhi alinitumia picha ya tii mbili za inchi 4 zikiwa zimelazwa juu ya turubai. Chini yake aliandika: "Mwanangu, hizi tumenunua. Saruji ya chini mwenye nyumba hajatuma hela. Kijana anataka tumwage mfuniko usiku."

Nilimpigia yule kijana kabla daladala halijafika. Simu iliita hadi ikakatika. Nilivuka barabara na kusimama kituo cha upande wa pili, yanapopita magari ya kwenda kule nilikotoka asubuhi.